Jina la Aliyelala Korongoni

Wazungu waliofika Lindi zamani zile kila mmoja alikuja na uroho wake. Mmoja alitaka pembe, mwingine mpira, wa tatu alitaka watu wamlimie pamba mpaka viuno vikatike. Huyu wetu alitaka vichwa. Si vya kukata, la hasha. Alikuwa mtu mpole, sauti yake ya chini, na sanduku lake la dawa lilikuwa wazi kwa kila mwenye kidonda. Alitaka vichwa vya kupima. Alikuwa na chuma chenye miguu miwili iliyopinda. Akikukalisha juu ya kigoda anakubana nacho kisogoni na kwenye paji la uso, anataja namba kwa lugha yake, kisha anakupa chumvi kidogo uende zako. Jina lake la kwao liliwashinda watu kulitamka. Wakamwita Bwana Kipimo, naye akaitika.

Kiangazi cha mwaka wa tano tangu vita vya Maji Maji alipiga hema juu ya Korongo la Namkongo, kati ya Kilangala na Rutamba, akaajiri wachimbaji. Kule vilimani wazungu wenzake walikuwa wanafukua mifupa ya wanyama wakubwa kuliko nyumba, na kila mwenye mabega alikuwa amekwenda kuibeba. Bwana Kipimo hakuwa na haja na wanyama. Alitafuta watu, watu wa mwanzo kabisa, waliopita nchi hii kabla ya Wamwera, kabla ya Wamachinga, kabla ya mtu yeyote anayekumbukwa kwa jina. Alisema binadamu walianzia mahali fulani, wakatembea, na kila walipofia waliacha mifupa yao na mawe waliyoyachonga. Anayeifuata mifupa hiyo kama mwindaji anavyofuata nyayo ataijua njia yote. Juu ya meza yake ilitandazwa ramani yenye misumari midogo na uzi mwekundu. Uzi ulitoka kwenye maziwa ya bara, ukashuka kuelekea pwani, ukaishia patupu karibu na Lindi. Hapo ndipo alipotaka kuufunga.

Mwanaheri, mwanamke wa Kilangala, alikuwa anachota maji ya kazi hiyo. Mfupa ukitoka ardhini huwa dhaifu, kwa hiyo wachimbaji waliuvika kitambaa, wakaupaka udongo laini, wakaukaza kwa vipande vya mianzi mpaka ukawa mzigo wa kubebeka hadi Lindi. Udongo haulainiki bila maji, na maji yalikuwa mbali, bondeni. Wanawake wa rika lake waliikataa kazi ile. Wakamwonya kwamba atapata nuksi, kwamba mifupa ya kale ina wenyewe. Mwanaheri akajitwika mtungi wake akaenda. Hakuogopa mifupa. Kwa hakika mifupa ndiyo aliyoifuata.

Alikuwa na mwana mmoja, Dadi. Mwaka wa vita Dadi alipakwa dawa, akaambiwa risasi za Wajerumani zitageuka maji, akatoka na vijana wenzake wa Kilangala wakiimba. Walikutana na askari kwenye Korongo la Namkongo. Waliorudi walikuwa wachache, na kila mmoja alikuwa na hadithi yake: huyu alimwona Dadi akikimbilia Rutamba, yule alimwona akianguka, mwingine akaapa kwamba Dadi alikamatwa akapelekwa pwani na mnyororo shingoni. Kabla watu hawajaenda kuwatafuta waliolala, askari walichoma maghala, na njaa ikaingia. Watu walichimba mizizi ya ming'oko wakala mpaka ikaisha porini. Masika mawili yalipita juu ya korongo, kingo zikabomoka, udongo ukafunika kilichokuwapo. Mwanaheri alikwenda kule mara nyingi na jembe la mkono, akachokonoa hapa na pale, akarudi na vumbi. Kwa hiyo siku aliposikia kwamba mzungu amekuja kulifungua korongo lote kwa watu na majembe, hakuuliza nuksi wala ujira. Alisema alhamdulillahi.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wahenga walisema, wakanyamaza hapohapo kwa sababu hawakuwa na la kuongeza. Mwanaheri hakulia matanga, kwa maana matanga huliliwa maiti, na yeye maiti hakuwa naye. Hakumwombea Dadi rehema kama waombewavyo marehemu, kwa kuogopa kumtakia mauti mtu aliye hai. Alikuwa akimpikia. Miaka mitano, kila jioni, kiganja kimoja cha unga wa mtama zaidi ya haja yake, na asubuhi aliwapa kuku kiporo. Majirani waliona, wakajifanya hawaoni.

Siku moja alipeleka maji hemani akaikuta ramani imetandazwa. Bwana Kipimo alikisema Kiswahili cha kitabuni, kilichonyooka kama fimbo mpya, na alipenda kuulizwa.

"Uzi huu ndio njia ya watu, mama," akamwambia. "Walipita hapa, na hapa. Nikipata mifupa yao hapa kwenu, nitajua waliishia wapi."

"Kila mmoja unajua alikoishia?"

"Si mmoja mmoja. Kundi zima. Mmoja mmoja hawezi kujulikana tena."

Mwanaheri aliutazama ule uzi. Aliona ni kazi kubwa kuliko akili yake, na hakuidharau. Lakini moyoni alisema, mtu huyu anawatafuta wote na mimi namtafuta mmoja, na tuone Mungu atamjalia nani kwanza. Akautua mtungi, akaenda zake.

Mungu aliwajalia wote wawili siku moja, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Ukingo wa mashariki ulikuwa umeporomoka zamani, na Huseni, mnyapara wa wachimbaji, aliwaweka watu wake hapo kuondoa kifusi. Huseni alikuwa kijana wa Rutamba, mwenye miguu mirefu na adabu nyingi. Jembe la mmoja wao likagusa kitu. Wakaacha majembe, wakaendelea kwa vijiti na vidole kama walivyofundishwa, na kabla ya adhuhuri mtu akawa amelala wazi mbele yao: fuvu, mbavu, mkono wa kulia, miguu yote miwili. Mkono wa kushoto, kuanzia begani, maji ya masika yalikuwa yameuchukua. Katikati ya paji la uso palikuwa na tundu la mviringo.

Wachimbaji wote walikuwa na umri wa kulijua tundu lile.

Bwana Kipimo alishuka, akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye ukingo wa tundu. Msimdhanie kuwa hakujua. Alijua upesi kuliko wao.

"Huyu si wa zamani," alisema. "Huyu ni wa vita." Kisha akaongeza, kwa furaha ileile ya upole, "Ni zuri sana. Meno yote yapo. Nina vichwa vya watu wa kale kutoka sehemu nyingine, lakini sina cha mtu wa nchi hii cha kulinganisha nacho. Huseni, fungeni."

Mwanaheri alikuwa ameshafika ukingoni na mtungi kichwani. Alimwona yule aliyelala. Macho yake hayakwenda kwenye fuvu, yalikwenda kwenye mkono wa kushoto. Dadi alianguka kutoka juu ya mkwaju akiwa mdogo, akavunjika mkono wa kushoto chini ya kiwiko, na mfupa ukaunga vibaya, ukabaki umepinda. Katika mwili wa binadamu alioutoa tumboni mwake hiyo ndiyo alama pekee ambayo udongo usingeweza kuifuta. Na mkono wenyewe haukuwapo.

Hata hivyo alipiga kelele. "Mwanangu! Ni mwanangu huyo! Msimfunge, ni Dadi!" Mtungi ulianguka ukavunjika, na maji yakateremka korongoni.

Bwana Kipimo alimtazama kwa huruma ya kweli. "Umemjuaje, mama?"

Akamtajia urefu. Akamtajia meno. Akasema mama hahitaji kuambiwa. Mzungu alisikiliza yote bila kumkatiza, kisha akatoa uamuzi wake, na kwa haki yake ulikuwa uamuzi wa mtu anayejiona mwema. "Sipendi ugomvi na watu. Kaburi lenye mwenyewe siligusi. Kama ana mama, mama achukue. Nitangoja mpaka kesho."

Laiti angesema jambo hilo kwa sauti ya chini. Lakini wachimbaji walisikia, na jioni kila mmoja alirudi kwao. Lisemwalo huwa lina miguu. Kulipopambazuka, njia ya Kilangala na njia ya Rutamba zote zilikuwa na wanawake, na kila mmoja alikuwa na mwanawe. Walikaa ukingoni wakazunguka shimo. Kuna waliokuja na sanda mkononi. Ziada wa Rutamba, ambaye mguu wake ulikuwa na donda la miaka na dawa ya Bwana Kipimo ndiyo iliyolikausha, alikuja akichechemea, akatazama chini, akasema, "Huyu ni Hasani wangu. Tazameni bega lile." Mwingine akasema ni wake, mapaja yake hayo. Maneno yakapanda. Waliofiwa pamoja, walioshindana na njaa pamoja wakigawana mizizi, wakaanza kutupiana maneno ambayo mtu hamwambii adui. Mwanaheri naye alimwambia Ziada kwamba Hasani alikuwa mwoga, kwamba hakufika hata korongoni. Aliyasema hayo kwa kinywa chake, na yalipotoka hakuweza kuyarudisha.

Bwana Kipimo alitoka hemani akawasikiliza kwa kitambo.

"Kichwa kimoja hakiwezi kuwa na mama wengi hivi," alisema. Hakuwa anacheka. "Nyinyi hamjui ni nani, na mimi sijui. Basi hana mwenyewe. Huseni, lete mianzi."

Hapo ndipo walipoiona kazi ya midomo yao. Walikuwa wamempokonya mwenzao kaburi, na wao wenyewe hawakulipata. Huseni alisimama na mianzi mikononi, hasogei mbele wala nyuma, akasema kwa heshima yake yote, "Mama zangu, akisimama mmoja tu, Bwana hana la kusema. Ametoa neno lake."

Wakatazamana. Ziada ndiye aliyeanza, na ninavyomjua mimi Ziada kwa sifa zake, hakuna aliyetarajia. Alimwangalia Mwanaheri, ambaye asubuhi ileile alimtukania mwanawe, akasema, "Apewe Mama Dadi. Yeye alikuja kuchota maji hapa kabla sisi hatujathubutu kuja. Kama ni mmoja, awe yeye."

Lakini mzungu hakutosheka na mmoja kusimama. Alitaka wengine wakane. Akaketi mezani, na kila mwanamke akapita mbele yake, akaulizwa, akajibu. "Si wangu." Anayefuata. "Si wangu." Yule wa mapaja alisema huku amefumba macho. Mwingine ilibidi aulizwe mara mbili. Zamu ya Ziada ilipofika alisimama wima juu ya mguu wake mbaya, akasema, "Si Hasani. Si wangu," kisha akaenda akaegemea mti, akajifunika uso kwa kaniki yake. Mwanaheri aliyaona yote hayo. Alibaki peke yake mbele ya meza.

"Ni mwanangu," alisema. "Dadi, mwana wa Mwanaheri."

Bwana Kipimo alikuwa mpole, hakuwa mjinga. Asubuhi walikuwa wengi na sasa wote wameghairi kwa mara moja. Aligonga meza kwa kalamu yake, akifikiri.

"Huseni aliniambia desturi yenu moja," alisema. "Mkishamfukia maiti, mwalimu hukaa kaburini, akamwita kwa jina lake na la mama yake, akamfundisha majibu ya kuwajibu malaika. Ni kweli?"

"Ni kweli, bwana. Ndiyo talakini."

"Mnaweza kunidanganya mimi. Wafu wenu sidhani kama mnawadanganya. Nitakuja kusikiliza. Akiitwa mwana wa Mwanaheri, ni wako, na sitakuuliza tena. Asipoitwa hivyo, nitamchukua."

Huseni aliinamisha kichwa. Alikuwa amemweleza desturi ile siku nyingi nyuma, kwa sababu mzungu alipenda kuuliza na yeye alipenda kujibu. Hakujua kwamba alikuwa anamchongea mtu fimbo ya kupigwa nayo.

Maziko yalikuwa baada ya alasiri, hapohapo juu ya korongo, kwenye ardhi ya juu isiyofikiwa na mafuriko. Maalimu Fakihi, mwalimu wa dini, alitoka Kilangala na kitabu chake cha dua. Alipowaona wanawake wamekusanyika alikunja uso.

"Wanawake hawaendi makaburini. Waambieni warudi, wanaume tutazika."

"Wanaume gani, Maalimu?" Ziada aliuliza. "Wa kumzika huyu ni wale waliolala chini pamoja naye."

Maalimu alitazama huku na huku. Aliwaona wachimbaji wachache na wazee wawili. Akashusha pumzi, akasema basi, wasimame nyuma na wasipige mayowe.

Mifupa iliwekwa ndani ya bafta nyeupe, mmojammoja, na fuvu likawekwa mwisho. Mwanaheri aliruhusiwa kuligusa. Akaupitisha mkono juu ya utosi, mahali alipokuwa akimsugua mafuta Dadi angali mchanga, akangoja mkono umwambie kitu. Kiganja kiliona ubaridi na mchanga, basi. Kwa mara ya kwanza tangu jana hofu ilimwingia ya kweli, kwa sababu alikuwa amejiapia kwamba mkono utajua. Akafunga fundo la sanda, akalifungua, akalifunga tena. Watu wakadhani ni majonzi.

Wakamswalia. Wakamlaza kwa ubavu wa kulia, uso wake ukielekea kaskazini, kibla. Kila mtu akatia udongo, Ziada pia, wanawake wote waliosema si wangu, na Bwana Kipimo akasimama pembeni amevua kofia yake, mikono nyuma. Udongo ukajaa, ukasawazishwa. Maalimu Fakihi akaketi upande wa kichwa, akamwinamia Mwanaheri kama taratibu inavyotaka, ingawa jibu alilijua.

"Jina lake Dadi. Mwana wa nani?"

Palikuwa na njia moja tu, na ilikuwa nyeupe. Neno moja, jina lake mwenyewe alilopewa na babaye, na angeondoka pale na kaburi. Angelia matanga yake. Angeacha kupika kile kiganja cha unga. Angekuwa na mahali pa kwenda Ijumaa, akakaa, akasema mwanangu. Moyo wake ulilitaka jambo hilo kuliko ulivyowahi kutaka chakula wakati wa njaa. Akafungua kinywa.

Akamwona Ziada. Ziada hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anautazama udongo, na midomo yake inacheza. Mwanaheri alijua midomo ile ilikuwa inaita nani. Akafikiri, kama ni Hasani aliyelala humu? Malaika watamkalisha gizani, peke yake, na atasikia sauti kutoka juu ikimwita Dadi, mwana wa mwanamke asiyemjua. Atadhani anaitwa mwingine. Atanyamaza. Na mama yake yupo hapa, hatua chache, amemkana ili mimi nipate. Na kama Dadi wangu naye amelala penginepo, chini ya kifusi kingine, nitakuwa nimewapa jina lake watu wamzike nalo mwingine, na yeye nitakuwa nimemmaliza kwa mdomo wangu.

"Maalimu," akasema, "maiti asiyejulikana mama yake, huitwa vipi?"

Maalimu Fakihi alishtuka. Akapunguza sauti mpaka ikawa mnong'ono. "Husemwa mwana wa Hawa. Mama yetu sote. Lakini, mama, mzungu anasikiliza."

"Na maiti anasikiliza."

"Utampoteza."

"Najua." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Dadi usimtaje. Sema mwana wa Hawa."

Wanawake walisikia. Hakuna aliyepiga mayowe, lakini pumzi ziliwatoka wote kwa pamoja, na Ziada akapiga magoti chini, donda na yote. Maalimu akainua viganja vyake. Sauti yake ilikuwa nyembamba mwanzoni, kisha ikapata nguvu. "Ewe mja wa Mungu, ewe mwana wa Hawa. Kumbuka ahadi uliyotoka nayo duniani. Watakujia wawili, wasikutishe..."

Bwana Kipimo alirudisha kofia kichwani. Hilo jina hakuhitaji kutafsiriwa. Kwao pia lipo, na katika vitabu vyao ni la mwanamke yuleyule.

"Hawa si jina lako," alimwambia Mwanaheri.

"Si langu, bwana."

"Kwa hiyo si mwanao."

"Sijui. Wallahi sijui. Huenda ni wangu, huenda ni wa yule, huenda ni wa yule pale."

"Ungesema neno moja tu ningekwenda zangu." Alikuwa ameudhika, na zaidi ya kuudhika alikuwa hajaelewa. "Kwa nini hukusema?"

"Ungekuwa wewe umelala humo, bwana, ukaitwa kwa jina la mtu mwingine, ungeitika?"

Bwana Kipimo alimgeukia Huseni akamwamuru afukue. Huseni alilitazama jembe lake, akaliweka chini polepole kama anayetua yai. Akasema, "Bwana, wa zamani nitakuchimbia mpaka mikono iote sugu. Huyu siwezi." Akakumbushwa habari ya kiboko cha bomani, hamsa ishirini, mapigo ishirini na tano, kwa anayekataa amri. Akasema anaijua. Wachimbaji wengine nao wakaweka majembe yao chini, mmoja baada ya mwingine.

Basi Bwana Kipimo aliokota jembe mwenyewe. Hakuna aliyemzuia. Alipiga pigo la kwanza kwenye udongo mpya, na Maalimu, ambaye alikuwa amefika katikati ya talakini, aliirudia tangu mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi: ewe mwana wa Hawa. Pigo la pili. Wanawake wakawa wanaitikia, amina, amina. Mzungu aliinua jembe mara ya tatu, akalishikilia hewani. Sijui aliona nini. Huenda aliona nyuso zile zote, huenda viganja tu vilimuuma, maana kwa miezi yote ile ya kuchimba ilikuwa mara yake ya kwanza kushika mpini. Akalitupa. Akasema kesho ataleta askari kutoka Lindi, akaondoka kuelekea hemani, na mgongo wake ulionekana wa mtu mzee.

Askari hawakuja. Wengine walisema wakubwa wa pwani hawakutaka maneno mapya na Wamwera. Wengine walisema ni homa iliyompata Bwana Kipimo. Siku chache baadaye alifunga hema, akahamia kilima kingine kutafuta mwisho wa uzi wake, akachukua wachimbaji wa mbali wasiomjua mtu. Huseni aliitwa bomani akapigwa hamsa ishirini yake, akarudi Rutamba amelazwa juu ya kitanda cha kamba, na wanawake wa vijiji vyote viwili walipokezana kumkanda mgongo. Kila mmoja alimwita mwanangu, naye aliwaitikia wote.

Kaburi la Namkongo likapata mama wengi. Waliokwenda Ijumaa walifagia, wakasoma fatiha, wakaondoka bila kutaja jina. Ziada alikwenda, na Mwanaheri alikwenda, na mara nyingi walikutana njiani wakaongozana. Siku ya kwanza ya kuongozana Mwanaheri alimwomba radhi kwa neno alilolisema juu ya Hasani. Ziada alimjibu, "Hasani alikuwa mwoga kweli. Alikwenda hivyohivyo." Wakalia wote wawili.

Na jioni Mwanaheri aliendelea kupika. Alipima unga wake, akaongeza kile kiganja kimoja, akasonga ugali. Lakini kuna jambo alilolianza tangu siku ile, na ndilo lililowafanya majirani waache kujifanya hawaoni. Kabla ya kuketi alisimama mlangoni, akaelekea uelekeo wowote, maana hakujua ni upi, akasema kwa sauti ya kusikika: "Dadi, mwanangu, kama uko hai, chakula kipo. Na kama umelala ugenini mahali nisipopajua, basi Mungu akuletee mwanamke mmoja tu, mgeni kwako, atakayetaka sana kukuita wake, akajizuia."